Kraków kwa Mfuko Mwembamba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimesoma Kraków, Polandi, kwa miaka minne, na kila likizo ikikaribia simu huanza kuita. Binamu yuko Berlin, rafiki wa Dar kapata viza, dada wa Mombasa anasoma nchi jirani. Wote wanakuja na begi mgongoni na pesa ya kuhesabu, na maswali yao ni yaleyale. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu ninayowapa.

Jambo moja nalisema mwanzoni kwa sababu majibu mengi yanalirudia: Kraków si mji unaomkamua msafiri asiye na kitu. Pesa huvuja kwenye matundu machache tu, nayo ni kubadilisha fedha, teksi ya uwanja wa ndege, meza za migahawa ya uwanja mkuu wa mji na faini ya tramu. Ukiyaziba hayo, uzuri mwingi wa mji huu unautazama bure. Bei ninazotaja ni za kukadiria.

## Kabla ya kuondoka

Kwa nini Kraków, wakati mji mkuu ni Warszawa?

Kwa mtu wa bajeti ndogo, sababu kubwa ni miguu. Mji wa kale wa Kraków, kasri la Wawel, mtaa wa Kazimierz na stesheni kuu vyote viko ndani ya umbali wa kutembea. Warszawa imetawanyika, utapanda na kushuka kutwa nzima.

Halafu Kraków ndiyo iliyokuwa makao ya wafalme wa Polandi mpaka mwishoni mwa karne ya 16, na haikubomolewa katika Vita vya Pili vya Dunia kama Warszawa. Unachokiona ni mawe yenyewe ya zamani. UNESCO iliuingiza mji wa kale kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1978, katika kundi la kwanza kabisa.

Ninahitaji viza?

Ukiwa na pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, ndiyo: viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90, na unatakiwa uwe na bima ya safari inayofikia angalau euro 30,000. Ukishapewa, unaweza kukaa hadi siku 90 katika kila siku 180, kutegemea siku zilizoandikwa kwenye viza yako. Polandi ina ubalozi Nairobi na Dar es Salaam.

Kama tayari una kibali cha kuishi katika nchi nyingine ya Schengen, mfano Ujerumani au Uholanzi, huhitaji viza nyingine, lakini beba pasipoti pamoja na kibali chenyewe. Mabasi ya usiku hukaguliwa mpakani, na picha ya kibali kwenye simu haitakusaidia.

Siku moja itanigharimu kiasi gani?

Ukilala chumba cha pamoja, ukila mlo mmoja wa moto nje na mingine ukajipikia au ukanunua dukani, hesabu złoty (fedha ya Polandi) 150 hadi 190 kwa siku. Hiyo ni kama euro 35 hadi 45. Kitanda kitakula 50 hadi 90, chakula kama 60, kinachobaki ni nauli na kiingilio kimoja. Złoty moja ni karibu shilingi 35 za Kenya, au shilingi mia sita hamsini hadi mia saba za Tanzania.

Wenzetu waliobahatika kupata mtu wa kulala kwake wameishi kwa złoty 70 kwa siku bila kulala njaa. Walio chini ya hapo nimewaona wakirudi wamekonda na hawajaona kitu. Usifike huko. Afadhali siku tatu zenye chakula kuliko sita za mkate mkavu.

Niende mwezi gani?

Mei au Septemba. Julai na Agosti hosteli hupanda bei na watu hujaa. Mwezi Juni jua huzama karibu saa tatu usiku, kwa hiyo siku moja inakupa matembezi ya siku mbili. Desemba huzama kabla ya saa kumi jioni, na baridi inaweza kushuka chini ya sifuri kwa wiki nzima.

Majira ya baridi yana tatizo jingine: moshi. Kraków imo bondeni, na hewa chafu hutuama. Tangu Septemba 2019 ni marufuku kuchoma makaa ya mawe na kuni mjini, na hali imekuwa bora sana, ila vijiji vya jirani bado wanachoma. Mwenye pumu asije Januari.

Nibebe nini ambacho watu husahau?

Adapta ya umeme. Soketi zao ni za matundu mawili ya duara, na plagi zetu za pini tatu za bapa haziingii. Ndara za bafuni, kufuli dogo la kabati la hosteli, na chupa ya maji. Koti zito usinunue kwetu kabla ya kuja. Kuna maduka ya mitumba kila mtaa, yanaitwa *lumpeks*, na mengine hupima nguo kwa kilo.

## Pesa

Euro zinatumika?

Hapana. Polandi iliingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004 lakini imebaki na złoty yake, ambayo hugawanyika kuwa groszy 100. Herufi hiyo ł husomwa kama “w”, kwa hiyo sema “zwoti”. Sehemu chache za watalii hupokea euro, na hapo kiwango cha kubadilisha ni chao wenyewe. Usikubali.

Nibadilishe fedha wapi?

Kwenye duka la kubadilishia fedha, linaitwa *kantor*. Yako mengi katikati ya mji, lakini hayafanani. Angalia safu mbili ubaoni: *kupno* ni bei wanayonunulia pesa yako, *sprzedaż* ni bei wanayokuuzia. Safu hizo zikikaribiana, kantor ni nzuri. Zikiachana sana, geuka. Uwanja wa ndege ndipo pabaya kuliko pote, na maneno “0% komisyeni” mlangoni hayamaanishi chochote kama kiwango chenyewe ni kibovu.

Uliza kabla ya kutoa noti: “kwa euro 50 nitapata złoty ngapi?” Wakuandikie namba kwenye kikokotoo. Na shilingi zetu hakuna anayezinunua huko. Njoo na euro au dola.

Nitumie kadi au taslimu?

Kadi inapokelewa karibu kila mahali, hata kwenye mashine ya tiketi ndani ya tramu. Taslimu weka ya vyoo, ya masoko, ya vibanda vya mkate.

Hatari iko kwenye ATM. Mashine itakuuliza kama unataka kukatwa kwa sarafu ya kwenu au kwa złoty. Chagua złoty, kila mara. Ukichagua ya kwenu, mashine inajipangia kiwango chake na unapoteza fedha nyingi kwa kubonyeza mara moja. Tumia ATM iliyo kwenye ukuta wa benki, achana na zile zinazosimama peke yake karibu na uwanja mkuu.

Bakshishi ni lazima?

Si lazima. Mgahawa wenye mhudumu, asilimia 10 inatosha. Kwenye *bar mleczny* (tazama sehemu ya chakula) hakuna bakshishi.

Lakini jihadhari na neno moja. Ukimkabidhi mhudumu noti huku unasema *dziękuję*, yaani asante, anaweza kuelewa “baki na chenji”. Mdogo wangu alitoa noti ya 100 kwa chakula cha 62, akashukuru kwa adabu ya kwetu, na mhudumu akashukuru zaidi. Subiri chenji kwanza, kisha ushukuru.

## Kufika na kuzunguka

Nitokeje uwanja wa ndege kwa bei nafuu?

Uwanja uko Balice, magharibi mwa mji. Treni hutoka hapohapo na kufika stesheni kuu, Kraków Główny, kwa kama dakika 20. Basi la mji ni la bei ndogo zaidi ila huchukua muda mrefu. Uwanja uko nje ya kanda ya kwanza ya nauli, kwa hiyo tiketi ya kanda ya kwanza pekee haitoshi. Wengi hukamatwa hapo wakiwa na tiketi mkononi.

Teksi za kukuita mlangoni ziache. Kama mmefika watatu au wanne usiku wa manane, agizeni gari kwa programu ya simu, bei mtaiona kabla ya kupanda.

Tiketi ya tramu inafanyaje kazi?

Unanunua dakika, si safari. Ndani ya muda wa tiketi yako unaweza kushuka na kupanda nyingine. Kuna pia ya saa 24 na zaidi.

Tiketi ya karatasi uliyonunua kabla ya kupanda haina nguvu mpaka uipige muhuri kwenye kimashine kidogo kilichomo ndani, mara tu unapoingia. Wakaguzi huvaa nguo za kawaida, huinuka kitini na kuonyesha kitambulisho. Hawajali kwamba u mgeni. Mimi nililipa faini wiki yangu ya kwanza, na tiketi ninayo, safi kabisa, haijapigwa. Fedha ile ingenilisha siku tatu.

Punguzo la mwanafunzi lipo kwa wenye kitambulisho kinachotambuliwa, na kuna kikomo cha umri, mara nyingi miaka 26. Kitambulisho cha chuo cha kwetu hakitoshi, tafuta ISIC, kitambulisho cha kimataifa cha mwanafunzi, kabla ya safari.

Kweli ninahitaji tramu?

Kwa siku mbili za kwanza, hapana. Kutoka stesheni kuu hadi uwanja mkuu ni dakika 10 hadi 15 kwa miguu. Kutoka hapo hadi Wawel, kama 10 nyingine. Kazimierz, dakika 20. Utaihitaji ukienda Nowa Huta au hosteli yako ikiwa mbali.

Wanasoma saa vipi?

Ratiba zote ni za saa 24 kuanzia usiku wa manane. Treni ya 15:00 ni ya saa tisa alasiri, na ya 21:00 ni ya saa tatu usiku. Unajua, lakini ukiwa na usingizi kichwa hurudi nyumbani, na nimeshampoteza mgeni mmoja kwa basi la “saa nane” lililoondoka saa mbili asubuhi. Polandi iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa mbili majira ya baridi na saa moja majira ya joto.

Kutoka Warszawa au Berlin, treni au basi?

Warszawa hadi Kraków, treni ya kasi hutumia karibu saa mbili na nusu. Ya kawaida, yenye alama TLK au IC, ni nafuu na mara nyingi haichelewi sana kuliko hiyo. Nunua mapema, bei hupanda siku zikikaribia. Kutoka Berlin au Praha, basi la usiku kwa kawaida ndilo la chini, na linakuokolea kitanda cha usiku mmoja.

## Kulala

Hosteli gani, na mtaa upi?

Sitaji jina kwa sababu hubadilika wenyewe na tabia. Nitakwambia mitaa. Ndani ya mji wa kale utakuwa karibu na kila kitu na makelele ya walevi pia. Kazimierz ina uhai na chakula. Podgórze, ng'ambo ya mto Vistula, ndiko ninakopeleka watu wangu: tulivu, bei ya chini kidogo, na daraja la miguu linakuvusha hadi Kazimierz kwa dakika chache.

Kabla ya kulipa, hakikisha mambo mawili: jiko la kujipikia, na kwamba watakuhifadhia begi siku ya kuondoka. Jiko peke yake linaweza kukuokolea złoty 40 kwa siku.

Nimesikia wanafunzi hukodisha mabweni. Ni kweli?

Kweli. Bweni la chuo huitwa *akademik*, na kati ya Julai na Septemba, wanafunzi wakiwa likizo, baadhi ya vyuo hupangisha vyumba kwa wageni. Si kila mtu anajua, na mara nyingi unapata chumba cha watu wawili kwa fedha inayokaribia ya kitanda kimoja hosteli. Andika barua pepe mapema.

Naweza kulala stesheni?

Usifanye hivyo. Walinzi hupita, na baridi ya saa kumi alfajiri haina huruma hata Mei.

## Kula

Bar mleczny ni nini?

Tafsiri yake ni “baa ya maziwa”, na hakuna pombe ndani. Ni mkahawa wa watu wa kawaida, kama mama ntilie aliyepewa jengo na ruzuku ya serikali. Ilianza Warszawa mwaka 1896, ikaenea sana enzi za ukomunisti, wafanyakazi wapate mlo wa moto wa bei ndogo. Zilizobaki bado hupata ruzuku ya serikali kwa vyakula visivyo na nyama, ndiyo maana sahani ya maziwa, unga na mboga ni nafuu kuliko ya nyama kwa tofauti kubwa.

Utaratibu wake: soma ubao ukutani, agiza na ulipe kwa *kasa*, yaani mpokea malipo, chukua karatasi, ipeleke dirishani, subiri waite. Ukimaliza, rudisha vyombo kwenye dirisha lenye maandishi *zwrot naczyń*. Wazee wa pale hawapendi mtu anayeacha sahani mezani. Wahudumu hawachangamki, na hilo lisikuumize, kwani humfanyia hivyo kila mtu.

Agiza *pierogi ruskie*, yaani vipande vya unga vilivyojazwa viazi na jibini nyeupe. *Placki ziemniaczane*, chapati za viazi. *Barszcz*, supu nyekundu ya kiazisukari. Na *kompot*, maji ya matunda yaliyochemshwa. Złoty 20 hadi 35 na umeshiba. Nenda mchana, nyingi hufunga mapema jioni.

Mimi ni Mwislamu. Nitakula nini?

Swali hili naulizwa kuliko mengine yote ya chakula, na linastahili jibu la kweli: nguruwe amejificha kila pahali. *Kotlet schabowy* ni nguruwe. *Żurek*, ile supu chachu ya unga wa shayiri-nyeusi, hupikwa na soseji. *Smalec* ni mafuta ya nguruwe ya kupaka mkate, na wakati mwingine huletwa mezani bure kabla ya chakula. Pierogi za nyama mara nyingi zina nguruwe ndani.

Hata *pierogi ruskie*, ambazo ndani ni safi, zinaweza kumwagiwa juu vipande vya mafuta yaliyokaangwa, *skwarki*. Sema: *bez skwarek*, “bez skfarek”, yaani bila hivyo. Omba siagi, *masło*, “maswo”. Pierogi za matunda, za jibini tamu, *naleśniki* (chapati nyembamba za maji) na maandazi hazina tatizo hilo, ingawa mafuta ya kukaangia uulize.

Maduka ya kebabu ni mengi na mengine huandika halali mlangoni. Zungumza na mwenyewe, wengi ni Waturuki au Waarabu na watakujibu waziwazi. Siku nyingine pika mwenyewe: mchele, maharage ya kopo, mayai na samaki vipo kila duka.

Na chakula cha barabarani?

*Obwarzanek*, mkate wa pete wenye ufuta au chumvi, unauzwa kwenye vigari kila kona kwa złoty chache. Huchemshwa kidogo kabla ya kuokwa, na tangu 2010 jina lake linalindwa na Umoja wa Ulaya kama chakula cha Kraków. Ule wa asubuhi. Jioni umekuwa mgumu.

*Zapiekanka* ni nusu ya mkate mrefu, uyoga na jibini juu, ikaokwa. Nenda Plac Nowy, Kazimierz, kwenye jengo la duara katikati ya soko. Moja inatosha watu wawili wasio na njaa kali.

Samaki kwenye mgahawa, soma vizuri: bei mara nyingi ni ya gramu 100, si ya samaki mzima.

Maji ya bomba yanafaa?

Yanafaa. Jaza chupa yako. Ukinunua ya dukani, tangu Oktoba 2025 chupa ya plastiki na kopo huwekewa amana ya groszy 50, unazorudishiwa ukirudisha chombo kikiwa na alama yake. Usikikunje, mashine itakikataa.

Nimefika Jumapili na maduka yamefungwa. Kuna nini?

Sheria. Tangu 2018 Jumapili nyingi maduka makubwa hayafunguliwi, isipokuwa chache kwa mwaka. Vibanda vidogo kama Żabka hufungua, kwa bei ya juu. Nunua Jumamosi. Angalia pia sikukuu: 1 na 3 Mei, 15 Agosti, 1 na 11 Novemba.

## Kuona mji

Naweza kuona nini bila kulipa?

Anza Rynek Główny, ndio uwanja mkuu, wa karibu mita 200 kwa 200, uliopimwa mwaka 1257. Kila saa, kutoka mnara mrefu wa kanisa la Mariacki, mpiga tarumbeta hupiga wimbo kuelekea pande nne, kisha wimbo unakatika ghafla. Hadithi inasema mlinzi alipigwa mshale kooni Watatari walipovamia mwaka 1241. Ni mtu kweli huko juu, usiku na mchana. Ukimpungia mkono naye hupunga. Nimeusikia mara maelfu na bado nasimama.

Kisha zunguka Planty, bustani ya kama kilomita nne iliyopandwa mahali ukuta wa mji ulipobomolewa. Panda Wawel: kuingia uani ni bure, vyumba vya ndani ndivyo vya kulipia. Chini, kando ya mto, kuna sanamu ya joka linalotema moto wa kweli.

Jioni nenda Kopiec Krakusa, kilima kilichojengwa kwa mikono zamani sana, ng'ambo ya mto. Mji wote unauona, hakuna lango wala tiketi. Kopiec Kościuszki ni maarufu zaidi lakini hulipiwa, na mimi naona cha bure ndicho kizuri. Majira ya joto kuna Zakrzówek, machimbo ya zamani ya chokaa yaliyojaa maji ya buluu, na tangu 2023 kuna mabwawa ya kuogelea yasiyo na kiingilio. Wahi asubuhi, idadi ya watu ina kikomo.

Ukiwa mjini tarehe 1 Novemba, nenda makaburi ya Rakowicki giza likiingia. Kila kaburi lina mshumaa. Ingia kimya, kama unavyoingia msibani.

Makumbusho yana siku za bure?

Mengi yana siku moja ya bure kwa wiki, mara nyingi Jumatatu au Jumanne, kwa sehemu za kudumu tu. Tiketi huisha mapema, angalia tovuti ya jumba lenyewe. Kama utalipia moja tu, ningechagua Czartoryski, ilipo picha ya Leonardo da Vinci ya mwanamke na mnyama mweupe mkononi. Au kiwanda cha Schindler, Mjerumani aliyeokoa wafanyakazi wake Wayahudi, mtaa wa Lipowa namba 4, kama unataka kuelewa mji ulivyoishi chini ya Wanazi.

Mgodi wa chumvi wa Wieliczka unastahili pesa yake?

Kwa tiketi moja ya gharama katika safari nzima, ndiyo. Unashuka hadi mita 135, ngazi kama 800 kwa jumla, na chini kuna kanisa zima lililochongwa kwa chumvi na wachimbaji wenyewe. Usinunue ziara ya wakala. Treni ileile ya uwanja wa ndege huendelea hadi Wieliczka, stesheni ni ya karibu, na tiketi ya mgodi unaikata mwenyewe.

Na Auschwitz?

Kambi hii ya mauaji ya Wanazi iko Oświęcim, kama kilomita 65 kutoka Kraków. Basi la kawaida hutoka kituo kilicho nyuma ya stesheni kuu. Kadi za kuingia bila kiongozi ni za bure lakini chache, na hutolewa kwa kuweka nafasi mtandaoni kwenye tovuti rasmi, kwa jina lako; beba pasipoti. Begi lako kubwa liache hosteli, haliruhusiwi.

Ushauri wangu: hapa ndipo pa kulipa. Bila kiongozi utaona majengo ya matofali na viatu kwenye vioo. Ukiwa naye utaelewa jinsi watu milioni 1.1 walivyouawa hapo, wengi mno wakiwa Wayahudi. Usipange starehe yoyote jioni hiyo. Na kama muda hautoshi, usiende mbiombio ili tu upige picha.

Nowa Huta inafaa?

Kwa nauli ya tramu tu, inafaa sana. Ni mji wa wafanyakazi ulioanza kujengwa 1949 kando ya kiwanda cha chuma, ukipangwa usiwe na kanisa. Wakazi walidai la kwao kwa miaka, na mwaka 1977 kanisa la Arka Pana likawekwa wakfu na askofu mkuu Karol Wojtyła, aliyekuja kuwa Papa Yohane Paulo II.

## Watu na usalama

Watu weusi wanapokelewaje?

Nitasema nilivyoishi. Utatazamwa, hasa kwenye tramu za pembezoni na vijijini. Mara nyingi ni kushangaa tu. Nimetukanwa mara mbili kwa miaka minne, zote usiku, zote na vijana walevi. Kwa hiyo: usiku pita barabara zenye taa, kaa mbali na makundi ya mashabiki siku za mechi ya Wisła na Cracovia, na usimjibu mlevi. Namba ya dharura ni 112.

Upande mwingine nao ni wa kweli. Wapolandi wengi wamefika Zanzibar likizo, na ukisema unatoka huko watakujibu “pole pole” kwa furaha. Na kuna jambo la zamani zaidi. Mwaka 1942 na baada yake, maelfu ya wakimbizi wa Kipolandi, wengi wanawake na watoto waliotoka Siberia kupitia Uajemi, walipewa hifadhi Tengeru karibu na Arusha, na wengine Uganda na Kenya. Makaburi yao Tengeru yapo mpaka leo. Bibi mmoja sokoni Kleparz aliponiuliza natoka wapi nikasema Arusha, alitaja Tengeru kabla yangu. Shangazi yake alikulia pale. Akakataa pesa ya tufaha.

Nitaelewana nao bila Kipolandi?

Vijana wengi wanajua Kiingereza. Wazee na wauzaji wa bar mleczny, si sana. Jifunze manne: *dzień dobry*, “jen dobri”, salamu ya mchana, na useme kila unapoingia duka, *proszę*, “proshe”, tafadhali, *dziękuję*, “jenkuye”, asante, *przepraszam*, “psheprasham”, samahani. Kahawa wao huiita *kawa*, hiyo hutaisahau.

Choo kipi ni cha wanaume?

Chenye pembetatu. Duara ni cha wanawake. Vingi hulipiwa, weka sarafu.

Usiku kuna mitego gani?

Wale wanaokuita mtaani uingie klabu “bure”. Bili ya huko imewalaza watu polisi. Kunywa pombe barabarani kunatozwa faini, na tangu Julai 2023 maduka hayauzi pombe kuanzia saa sita usiku hadi saa 11:30 alfajiri.

## Mambo ya pembeni

Naweza kufanya kibarua kidogo nirudishe nauli?

Kwa viza ya utalii, hapana, hata kuosha vyombo. Hosteli zinazotoa kitanda kwa kazi nazo ziko kwenye hatari hiyo. Ukikamatwa unarudishwa, na viza ijayo utaisikia kwa wengine.

Nimeibiwa pasipoti. Nianze wapi?

Polisi, upate karatasi ya ripoti, kisha ubalozi unaohudumia raia wa nchi yako. Ndiyo maana uwe na nakala kwenye barua pepe, na namba ya bima kwenye karatasi, kwa sababu simu huibiwa pamoja na pasipoti.

Nimebaki na złoty. Nizipeleke nyumbani?

Noti zibadilishe kwenye kantor ya mjini kabla ya kwenda uwanja wa ndege, kwa kuwa Dar na Nairobi ni vigumu kumpata anayezitaka. Sarafu hakuna kantor inayozichukua. Hesabu za treni ya uwanjani kwanza, na zinazobaki nunua obwarzanek za safari. Ukiwahi asubuhi zitakuwa bado laini.